Amri ya FCC kwa kampuni za intaneti: namna ya kupima kama ina mashiko kisheria

Kati ya 2010 na 2025, mahakama za rufaa za Marekani zilipima mara tano maamuzi makubwa ya Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, yanayohusu usawa wa intaneti, yaani kama kampuni zinazouza intaneti ziruhusiwe kuzuia au kubagua data. Mara tatu tume ilitoka mahakamani mikono mitupu au ikiwa imepoteza sehemu iliyokuwa muhimu zaidi. Mara moja ilishinda kabisa. Mara moja ilishinda lakini ikanyang'anywa silaha moja iliyoitegemea sana. Katika kesi hizo, kabla ya kuuliza kama kanuni ni nzuri kwa wateja, majaji waliuliza: ni kifungu kipi cha sheria kinachoiruhusu tume kufanya hivi?

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari, fundi wa mtandao au mteja anayesikia kwamba "FCC imeamuru" na anataka kujua kama amri hiyo itasimama. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukianza na swali la haki au faida ya kanuni kabla ya kutafuta kifungu, utakosea kama walivyokosea wanasheria wengi wazuri.

Hatua ya 1: Tambua aina ya waraka ulio mkononi

FCC hutoa nyaraka za aina nyingi, na nguvu zake hazilingani. Kuna kanuni zinazozifunga kampuni zote. Kuna uamuzi wa tafsiri, ambao unaeleza tu tume inaisoma sheria namna gani. Kuna uamuzi wa lalamiko dhidi ya kampuni moja, kuna faini, na kuna tamko la sera. Tamko la sera peke yake halimfungi mtu. Mwaka 2005 tume ilitoa tamko lenye misingi minne kuhusu haki za watumiaji wa intaneti, na wengi wakalichukulia kama sheria. Miaka mitano baadaye ilionekana wazi kwamba halikuwa hivyo.

Fungua ukurasa wa kwanza uandike namba ya jalada, tarehe ya kupitishwa na tarehe ya kutolewa. Kisha nenda moja kwa moja mwishoni, kwenye aya za kuamuru. Hapo tume inalazimika kutaja vifungu inavyosimamia. Viandike vyote kwenye karatasi, kwa sababu ndivyo utakavyovipima kimoja kimoja. Utangulizi wa waraka na taarifa ya makamishna kwa vyombo vya habari havitakusaidia katika hatua hii.

Hatua ya 2: Tenganisha kifungu kinachotoa mamlaka na kifungu kinachotangaza nia

Sheria mama ni Sheria ya Mawasiliano ya 1934, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1996. Kwa kazi hii unahitaji kujua sura zake nne. Sura ya I inaianzisha tume na kueleza madhumuni yake. Sura ya II inahusu wachukuzi wa umma, yaani kampuni za simu zinazolazimika kumhudumia kila mteja bila upendeleo. Sura ya III inahusu redio na masafa. Sura ya VI inahusu televisheni ya kebo.

Chukua kila kifungu ulichoandika ujiulize: kinasema tume "itafanya" au "inaweza kufanya" jambo fulani, au kinasema tu kwamba sera ya nchi ni kuona jambo fulani likistawi? Kifungu cha aina ya pili hakitoi mamlaka. Hapa ndipo kesi ya Comcast, kampuni ya kebo na intaneti, ilipoamuliwa.

Mwaka 2007 ilibainika kwamba Comcast ilikuwa ikivuruga programu za kubadilishana mafaili kama BitTorrent. Mtandao wake ulituma pakiti za kughushi za kukata muunganisho, na kompyuta za pande mbili zikadhani mwenzake ndiye aliyekata. Agosti 2008 FCC ilitoa amri, bila faini, ikiitaka kampuni ieleze inachofanya na kuacha utaratibu huo kufikia mwisho wa mwaka. Comcast ilitii, lakini ikaenda mahakamani. Tarehe 6 Aprili 2010, Mahakama ya Rufaa ya Washington D.C. iliifuta amri hiyo. Jaji David Tatel alivipitia vifungu vya tume kimoja baada ya kingine. Vile vya sera, kikiwemo kifungu cha 230(b) kinachosifu intaneti huria, havikutosha kuwa msingi. Vingine vilitoa mamlaka ya kweli, lakini juu ya mambo mengine.

Mtego mmoja wa kesi hiyo unastahili kukumbukwa. Kifungu cha 706 cha sheria ya 1996 kinaiagiza tume ihimize kuenea kwa mawasiliano ya kisasa. FCC ilikitegemea, lakini mwaka 1998 tume yenyewe ilikuwa imeandika kwamba kifungu hicho hakiipi mamlaka mapya, na haikuwa imeufuta msimamo huo. Mahakama iliibana kwa maneno yake yenyewe. Kwa hiyo, ukishapata kifungu, tafuta tume imewahi kusema nini juu yake. Inaruhusiwa kubadili msimamo, ila lazima ikiri kwamba inabadilisha na itoe sababu. Ilifanya hivyo kwenye kanuni zake za Desemba 2010, na mwaka 2014 mahakama ileile ikakubali tafsiri mpya ya kifungu cha 706.

Hatua ya 3: Pima mamlaka ya nyongeza kwa masharti yake mawili

Kifungu cha 4(i) kinairuhusu tume kufanya mambo yanayohitajika ili itekeleze kazi zake, mradi hayapingani na sheria. Huku ndiko inakotoka inayoitwa mamlaka ya nyongeza. Ilikubaliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1968 katika kesi ya televisheni ya kebo, wakati ambapo sheria haikuitaja kebo hata kidogo.

Kuna masharti mawili na yote lazima yatimie. Kwanza, jambo lenyewe liwe ndani ya eneo la jumla la tume, yaani mawasiliano ya waya au redio. Intaneti inapita hapa bila shida. Pili, kanuni ihitajike ili kutimiza jukumu mahususi ambalo sheria imeikabidhi tume mahali pengine. Amri nyingi huanguka kwenye sharti hili la pili. Mwaka 2005 lilizima mpango wa kulazimisha televisheni ziwe na kifaa cha kuzuia kunakili matangazo ya kidijitali, na mwaka 2010 likaizima amri dhidi ya Comcast. Tume ikikuambia "intaneti ni mawasiliano, na sisi ndio wasimamizi wa mawasiliano", imetimiza sharti la kwanza tu.

Hatua ya 4: Uliza huduma imewekwa kwenye kundi gani

Hatua hii ina uzito kuliko zote. Sheria ya 1996 inagawa huduma katika makundi mawili. "Huduma ya mawasiliano" ni kuuzia umma usafirishaji wa ujumbe kati ya sehemu alizochagua mtumiaji, bila kubadili umbo wala maudhui ya ujumbe. "Huduma ya taarifa" ni kutoa uwezo wa kuzalisha, kupata, kuhifadhi, kuchakata au kuchukua taarifa kupitia mawasiliano. Kundi la kwanza liko chini ya Sura ya II na masharti yake makali. Kundi la pili haliko.

Sasa, kumuuzia mteja intaneti nyumbani ni kipi? Upande mmoja unasema kampuni ni bomba tu: mteja anataja tovuti, bomba linaleta. Upande wa pili unasema kampuni hutoa pia mfumo wa majina ya tovuti na hifadhi ya muda ya kurasa, na kwamba uwezo wa kuchukua taarifa zilizohifadhiwa kwingine ndio maana halisi ya huduma ya taarifa.

Majibu ya FCC yamefuata chama kilichoshika Ikulu. Mwaka 2002 ilisema intaneti ya kebo ni huduma ya taarifa, na Mahakama ya Juu ikakubali mwaka 2005 kwa kura 6 dhidi ya 3 katika kesi ya Brand X. Februari 2015 ikasema ni huduma ya mawasiliano, na mahakama ya D.C. ikakubali mwaka 2016. Desemba 2017 ikarudi kwenye huduma ya taarifa, mahakama ikakubali tena mwaka 2019. Aprili 2024 ikarudi kwenye huduma ya mawasiliano. Maamuzi ya 2015, 2017 na 2024 yalipita kwa kura 3 dhidi ya 2, kufuata mstari wa vyama.

Usishangae kwamba mahakama zilikubali majibu yanayopingana. Zilitumia kanuni ya Chevron ya 1984: sheria ikiwa na utata, na tafsiri ya taasisi ikiwa ya kuridhisha, jaji aifuate hata kama yeye angeisoma vingine. Kanuni hiyo ilizikwa na Mahakama ya Juu tarehe 28 Juni 2024 katika kesi ya Loper Bright, iliyohusu meli za uvuvi na gharama za waangalizi wanaopanda humo. Tangu siku hiyo jaji anaisoma sheria mwenyewe.

Athari kwa intaneti ilionekana haraka. Tarehe 1 Agosti 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita, yenye makao Cincinnati, ilisimamisha kanuni za 2024 kwa muda. Tarehe 2 Januari 2025 ikazifuta kabisa. Ilisema kampuni za intaneti zinatoa huduma ya taarifa, na kwamba intaneti ya simu za mkononi nayo haiwezi kuwekwa chini ya masharti ya wachukuzi wa umma kwa sababu ya kifungu cha 332, kinachohusu huduma za simu za mkononi. Makala yoyote inayokuambia kwamba hukumu ya 2016 bado inaipa FCC uhuru wa kuchagua kundi imepitwa na wakati, maana hukumu hiyo ilisimama juu ya Chevron.

Hatua ya 5: Tafuta katazo

Hata ukipata kifungu kinachotoa mamlaka, kazi haijaisha. Kifungu kingine kinaweza kukataza matumizi hayo. Sheria inasema kampuni itachukuliwa kuwa mchukuzi wa umma pale tu inapotoa huduma ya mawasiliano. Maana yake, huwezi kuiita huduma ya taarifa na papo hapo kuibebesha wajibu wa mchukuzi wa umma.

Ndivyo Verizon, kampuni ya simu na intaneti, ilivyoshinda kesi yake dhidi ya kanuni za Desemba 2010, tarehe 14 Januari 2014. Mahakama ilikubali kwamba kifungu cha 706 kinatoa mamlaka. Kisha ikazifuta kanuni mbili, ile ya kutozuia tovuti na ile ya kutobagua data, kwa sababu zilikuwa wajibu wa mchukuzi wa umma kwa jina jingine. Ikabakiza kanuni ya uwazi, inayozitaka kampuni zieleze zinavyosimamia mitandao yao.

Kipimo cha kutumia ni hiki: je, kanuni inamlazimisha mtoa huduma amhudumie kila mmoja kwa masharti sawa, au inamwachia nafasi ya kujadiliana? Mwaka 2012 mahakama ileile ilikubali kanuni ya kuzitaka kampuni za simu zipeane huduma ya data kwa wateja walio nje ya mtandao wao. Tume ilitumia mamlaka yake ya leseni za masafa chini ya Sura ya III, na ilidai masharti ya kibiashara yanayofaa tu, si bei moja kwa wote.

Hatua ya 6: Orodhesha milango iliyobaki wazi

Usiruke kutoka "si Sura ya II" hadi "FCC haina kauli". Kosa hili ni la kawaida sana upande wa pili wa mjadala. Tume inaendelea kutoa na kusimamia leseni za masafa. Inasimamia mfuko wa huduma kwa wote, ambao Mahakama ya Juu iliuthibitisha Juni 2025. Sheria ya 1994 ya kuwezesha usikilizaji wa simu kwa amri ya mahakama ilipanuliwa na FCC hadi kwenye intaneti, na mahakama ikakubali mwaka 2006. Kanuni ya uwazi imepita salama kila kimbunga. Na Kongresi ikitaka jambo, inaandika: sheria ya miundombinu ya 2021 iliitaka tume iweke lebo ya bei na kasi kwenye kila kifurushi. Kampuni kubwa zilianza kuonyesha lebo hizo tarehe 10 Aprili 2024, na zile zenye laini 100,000 au pungufu tarehe 10 Oktoba 2024.

Kongresi inaweza pia kufunga mlango. Kanuni za faragha ambazo FCC ilizipitisha 2016 zilifutwa kwa azimio lililosainiwa tarehe 3 Aprili 2017, na kwa sheria ya maazimio hayo tume hairuhusiwi kutoa kanuni inayofanana nazo bila sheria mpya.

Kuhusu faini, uwe mwangalifu. Aprili 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ilifuta faini ya dola milioni 57 dhidi ya AT&T kuhusu taarifa za mahali walipo wateja, ikisema kampuni ilinyimwa haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama (jury). Miezi miwili baadaye Kanda ya Pili ilikataa hoja hiyohiyo kutoka Verizon. Ukisoma habari ya faini, tazama kwanza kesi imefunguliwa kanda gani.

Hatua ya 7: Kagua utaratibu na tarehe

Kanuni yenye kifungu sahihi inaweza kuanguka kwa sababu ya njia iliyopitishwa. Sheria ya Utaratibu wa Utawala ya 1946 inataka tangazo la pendekezo, nafasi ya maoni ya umma, na maelezo yanayojibu hoja nzito zilizotolewa. Uamuzi wa kiholela hufutwa au hurudishwa. Mwaka 2019, katika kesi ya Mozilla, mahakama iliuacha uamuzi wa 2017 usimame, lakini ikairudisha tume ijibu mambo matatu iliyoyapuuza: usalama wa umma, nguzo zinazobeba nyaya, na ruzuku kwa wateja wa kipato cha chini. Hoja ya usalama haikuwa ya nadharia. Mwaka 2018 zimamoto wa kaunti ya Santa Clara walipunguziwa kasi ya data wakiwa kwenye moto mkubwa wa California.

Ukitaka kupinga au kuunga mkono, tuma maoni wakati jalada liko wazi, kupitia mfumo wa mtandaoni wa tume, ukitaja namba ya jalada (la 2017 lilikuwa 17-108, la 2024 lilikuwa 23-320). Taja kifungu na ueleze ukweli unaoujua. Ujumbe wa mistari miwili wa "naunga mkono" hauilazimishi tume kujibu kitu. Kumbuka pia kwamba jina na anwani unayojaza huonekana na kila mtu. Maoni yana faida nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: anayekwenda kupinga mahakamani lazima awe alishiriki kwenye shauri la tume, na hoja ambayo haikupelekwa mbele ya tume kwa kawaida haisikilizwi.

Siku za kuhesabu ni hizi: 30 za kuomba tume ijifikirie upya, na 60 za kwenda mahakama ya rufaa. Kwa kanuni za jumla, saa huanza siku ya kuchapishwa kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali, na siku ya kura haihesabiwi. Verizon ilipeleka kesi Januari 2011 kabla kanuni hazijachapishwa. Aprili mahakama ikaitupa kwa kuwahi mno, na kampuni ikalazimika kungoja hadi Septemba. Kesi zikifunguliwa katika kanda zaidi ya moja ndani ya siku 10 za kwanza, kanda huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kesi ya 2024 ilifika Cincinnati kwa njia hiyo.

Kwa msomaji wa Kenya: njia ya kuuliza ni hiihii, lakini usibebe hukumu za Marekani kama zilivyo. Huko unaanzia kwenye Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Kisha unakagua kama kanuni ilifikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao, kama inavyotaka sheria ya hati za kisheria ya 2013, maana isipofikishwa hukoma kuwa na nguvu. Maagizo ya Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu mfumo wa kutambua simu bandia yalizuiwa na Mahakama Kuu Aprili 2018, na hukumu hiyo ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa Aprili 2020. Kwa hiyo soma rufaa kabla ya kunukuu hukumu ya awali.

Hatua ya 8: Angalia nani anaingia pale tume inapokosa mamlaka

Mwaka 2017, baada ya kusema haina mamlaka ya Sura ya II, FCC ilijaribu pia kuyazuia majimbo yote yasitunge sheria zao za usawa wa intaneti. Hiyo ndiyo silaha iliyonyang'anywa mwaka 2019: mahakama ilisema taasisi isiyo na mamlaka ya kusimamia jambo haina mamlaka ya kumzuia mwingine kulisimamia. Kanda ya Tisa ikakataa kuizuia sheria ya California ya usawa wa intaneti, SB 822, tarehe 28 Januari 2022. Sheria ya New York, inayozitaka kampuni ziwauzie wateja wa kipato cha chini intaneti kwa dola 15 kwa mwezi, ikathibitishwa na Kanda ya Pili Aprili 2024 na kuanza kutumika Januari 2025. Kampuni zilizopigania miaka mingi kutoka Sura ya II zilijikuta zikikabiliana na jimbo moja baada ya jingine.

Wala usidhani tume inaweza kuyapita majimbo kila inapotaka. Agosti 2016 Kanda ya Sita ilifuta amri ya FCC iliyotaka kuondoa vizuizi vya majimbo dhidi ya mitandao ya intaneti ya miji ya Chattanooga na Wilson. Kifungu cha 706, ilisema, hakina maneno ya wazi ya kuiruhusu tume iingie kati ya jimbo na mji wake.

Kwa mteja mwenye lalamiko leo, hesabu ni hii. Kama kampuni ilikuahidi jambo na haikulitimiza, au ilikupunguzia kasi bila kukuambia, peleka lalamiko kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Sheria yake haigusi shughuli za wachukuzi wa umma, kwa hiyo kadiri intaneti inavyobaki huduma ya taarifa, mlango huo uko wazi. Ni huko AT&T ilikokubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 60 kuhusu vifurushi vya "data bila kikomo" vilivyopunguzwa kasi. Kama lebo ya bei haipo au ina uongo, peleka FCC. Kama uko California na tovuti imezuiwa au kubaguliwa, andika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo ukitaja SB 822. Popote unapopeleka, ambatisha nakala ya mkataba, bili, na vipimo vya kasi vyenye tarehe na saa, vilivyopimwa kwa waya na si kwa Wi-Fi, ili kampuni isipate nafasi ya kulaumu ruta yako.